Kumpima Mwalimu wa Yoga kwa Mwili Wenye Maumivu

Anayemtafutia mtu mwenye maumivu sugu au ulemavu mwalimu wa yoga asitazame kwanza jinsi mwalimu anavyojikunja. Ulaini wa viungo vyake ni mali yake. Haumsaidii mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, Katavi, aliyekakamaa kiuno kwa miaka. Ubora wa kazi hii huonekana pale mkao unapobadilishwa ili uufuate mwili. B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliyefariki 2014, alijulikana kwa kutumia viti, mikanda na mablanketi ili hata mgonjwa aumudu mkao. Matthew Sanford wa Marekani, aliyepooza kuanzia kifuani kwenda chini kwa ajali ya gari mwaka 1978 akiwa na miaka 13, hufundisha akiwa kwenye kiti mwendo. Vifaa vya kutosha Katavi vipo: kigoda, khanga badala ya mkanda, ukuta, gunia lililokunjwa. Mwalimu anayemkataa mtu wa magongo mpaka vifaa vitoke Dar es Salaam amekwisha kujipima mwenyewe.

Sikiliza anachouliza kabla ya mkao wowote. Aliye hodari huuliza maumivu yalianza lini, huzidi saa ngapi, mtu anatumia dawa gani. Akisikia habari za ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu ghafla au mkojo usiozuilika, hafundishi. Humpeleka mtu hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya mgongo yenye homa za jioni na kukonda nayo ni ya daktari, maana kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Kisha tazama mikono ya mwalimu. Anayemsukuma mwanafunzi ashuke zaidi bila kumwomba ruhusa hafai, hasa kwa mtu ambaye mguu wake hauna hisia na hawezi kujua kuwa anaumizwa. Pumzi hupima vizuri kuliko kina cha kuinama: ikikatika, mkao umepita kiasi.

Watapinga wengine kwamba anayeshika jembe kutwa hahitaji mazoezi zaidi. Lakini jembe humwinamisha mtu namna ile ile msimu mzima, wala halimwulizi kama amechoka. Walio na haki ni wanaotilia shaka miujiza: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2017, yaliyokusanya majaribio 12 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaliona nafuu ndogo hadi ya wastani katika utendaji wa mgongo, na baadhi ya washiriki waliongezewa maumivu. Mwalimu anayeahidi kuponya, basi, ama hajasoma ama anafanya biashara. Kwa wanaohofia kwamba yoga ni ibada sina mengi: kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi hakumlazimu mtu kukiri imani yoyote, na mwalimu muungwana huacha nyimbo za ibada akiombwa.

Ukimkosa mwalimu wa namna hii Mpanda, mtaalamu wa fiziotherapia asiyejua hata jina moja la mkao ni bora kuliko mwenye cheti ukutani anayewapa wote mkao mmoja.