Maayari wa Lankhmar

Neno "ayari" lilipofika katika Kiswahili lilikuwa limekwisha kupungukiwa na nusu ya maana yake. Kwa Mswahili ayari ni mlaghai, mtu wa hila ambaye mkono wake haukosi kuingia katika mfuko usio wake. Lakini katika Baghdad na Uajemi za zamani, tangu karne ya 9 hata ya 12, maayari walikuwa watu wa makundi yenye viapo na miiko. Waliiba, wakawatoza wafanyabiashara ada ya kuwalinda, na siku ya hatari pengine walisimama mahali ambapo askari wenyewe walikimbia. Baghdad ilipozingirwa mwaka 812 na 813, watu wa namna hiyo, wasio na deraya wala silaha za maana, walikuwa miongoni mwa walioipigania. Yakub bin Laith, mwanzilishi wa nasaba ya Saffar huko Sistan, alikuwa ayari kabla ya kuwa mtawala. Katika Alfu Lela Ulela pia yumo Ahmad ad-Danaf, mwizi aliyepewa na Harun Rashid kazi ya kukamata wezi. Ayari wa asili, basi, ni mwizi ambaye msikilizaji haoni haya kumpenda.

Katika lugha ya Kiingereza, aliyemrudishia mtu huyo utimilifu wake katika karne ya 20 ni Fritz Leiber, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1910 na kufa mwaka 1992. Kufanana si ushahidi wa kuazima, na asili ya mashujaa wake yajulikana. Mwaka 1934 yeye na rafiki yake Harry Otto Fischer walikuwa wakiandikiana barua, na katika barua hizo Fischer akawabuni watu wawili: Fafhrd, jitu la kaskazini penye theluji, na Gray Mouser, mtu mfupi mwepesi mwenye mavazi ya kijivu. Mrefu alikuwa Leiber mwenyewe, na mfupi Fischer. Hadithi yao ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1939, na mtungaji hakuwaacha watu hao kwa muda wa miaka karibu hamsini. Hata jina la aina hii ya hadithi, yaani hadithi za upanga na uchawi, lilipendekezwa na Leiber mwaka 1961.

Kabla yake Robert E. Howard alikwisha kumfanya Conan mwizi, katika "The Tower of the Elephant" ya mwaka 1933. Ni hadithi nzuri, lakini mwizi wake hana jirani. Hupanda mnara, huona ajabu, huondoka alfajiri, na mji uliobaki nyuma haumdai kitu. Wezi wa Leiber wana mji. Lankhmar ni mji wa ukungu na moshi, wenye Mtaa wa Miungu ambamo dini hupanda na kushuka kama bei sokoni, na wenye chama cha wezi kilicho na nyumba yake, mkuu wake, na sheria moja iliyo kali kuliko zote: asiyekuwa mwanachama haruhusiwi kuiba. Katika "Lean Times in Lankhmar", ya mwaka 1959, Gray Mouser hufanya kazi kwa jambazi anayewatoza ada makuhani wa miungu midogo, na Fafhrd huwa mfuasi wa mmoja wa miungu hiyo. Kichekesho hicho chakata kuliko mapanga mengi ya utungo wa namna hii, maana wizi umeonyeshwa kuwa serikali nyingine, yenye kodi zake na watoza kodi wake.

Lakini utungo wa kumpima Leiber ni "Ill Met in Lankhmar", uliotoka katika gazeti mwezi wa Aprili 1970 na kupata tuzo mbili kubwa za fani hiyo, Nebula na Hugo. Jina lake lacheza na maneno ya Shakespeare katika A Midsummer Night's Dream, wala si ajabu: wazazi wa Leiber walikuwa waigizaji wa Shakespeare, na yeye mwenyewe alipata kupanda jukwaani pamoja na baba yake. Hadithi hii yaeleza jinsi maayari hao wawili walivyokutana wakawa marafiki. Wasomaji walikuwa wamekwisha kuwajua kwa miaka thelathini na moja, wakicheka nao. Sasa ndipo walipoambiwa kicheko kile kilinunuliwa kwa thamani gani.

Mambo yenyewe ni machache. Wezi wawili wa chama, Slevyas na Fissif, wanarudi usiku na johari walizomwibia sonara. Fafhrd na Gray Mouser, kila mmoja peke yake, wamewavizia mahali pamoja. Wanawapora, wanagawana, wanapendana papo hapo, na wanakwenda kunywa nyumbani kwa Gray Mouser pamoja na wapenzi wao. Vlana, mpenzi wa Fafhrd, ana kisasi na chama, kwa kuwa kiliwaua rafiki zake. Ivrian, mpenzi wa Gray Mouser, ni binti wa mtawala anayeishi katika chumba kibovu kilichopambwa kwa mazulia na vyombo vya wizi ili ajione bado yuko kasri. Chumba hicho ni kazi ya mtungaji hodari. Mapenzi, uongo na wizi vimekaa katika zulia moja, na msomaji haambiwi la kufikiri.

Divai inapowapanda, wanaume wawili wanaapa kwenda usiku uo huo katika Nyumba ya Wezi. Wanajivika matambara ya waombaji, wanatoka wakipepesuka, na kurasa zinazofuata ni za kuchekesha kweli. Ndani ya nyumba ile wanamwona Hristomilo, mchawi wa chama, akishughulika na vyombo vyake, na moshi mweusi ukitoka nje. Msomaji anacheka nao, haangalii moshi. Wao pia hawauangalii. Wanagunduliwa, wanakimbia, wanarudi nyumbani wakiwa wazima na wenye majivuno, na huko wanakuta Vlana na Ivrian wamekufa, wameuawa na moshi ule na panya wa mchawi.

Hapo ndipo ubora wa hadithi hii. Katika tungo nyingi za upanga na uchawi msiba huanguka kutoka juu, kwa shetani au kwa mungu mwenye hasira. Hapa msiba umetoka katika kichekesho chenyewe. Ulevi uliowafanya wapendeke ndio uliowafumba macho, na msomaji aliyeushangilia hana pa kujificha. Baada ya hapo wanarudi katika nyumba ile bila mzaha wala matambara, wanamwua Hristomilo, kisha wanauacha mji. Kisasi hicho Leiber hakukifanya kitamu.

Mkewe Leiber, Jonquil, alifariki mwaka 1969, na mtungaji mwenyewe alisumbuliwa na ulevi kwa miaka mingi. Wako wasomaji wanaotaka kuisoma hadithi hii kama maombolezo yake. Tarehe zimekaribiana mno kuwaruhusu kusema hivyo kwa hakika, na hadithi haihitaji msaada huo.

Ila upungufu upo, na haufai kufunikwa kwa tuzo mbili. Vlana ndiye mwenye kisasi, ndiye anayekijua chama, na ndiye pekee katika chumba kile mwenye sababu ya kwenda. Yeye ndiye anayeachwa nyumbani. Ivrian hana kazi kubwa zaidi ya kuwa dhaifu na kupendwa. Mtungaji ameua wanawake wawili ili kuwafungamanisha wanaume wawili, na wakati mwingine sauti ya kamba anayoivuta yasikika. Mtetezi wake aweza kusema kwamba kosa ni la maayari, si la Leiber, na kwamba kumwacha Vlana nyuma ni sehemu ya upumbavu unaoadhibiwa. Utetezi huo una nguvu kwa Vlana. Kwa Ivrian hauna, maana yeye hakupewa hata neno moja ambalo kukosekana kwake kungemwuma msomaji kama yanavyomwuma maneno makali ya Vlana.

Yaonekana Leiber alilijua deni hilo. Mwaka huo huo wa 1970 alitunga "The Price of Pain-Ease", ambamo maayari, wakiandamwa na vivuli vya wapenzi wao, wanaiba nyumba ndogo ya bustani ya mtawala mmoja wakaishi ndani yake, kisha wanatumwa mpaka makao ya Mauti kuiba kinyago chake. Ni hadithi fupi na haina nguvu za ile ya kwanza. Lakini ndani yake wezi hawa wanatafuta kitu kisichoweza kuibwa, na ndipo Lankhmar, kwa mara ya kwanza, inapoonekana kuwa ndogo.