Kapteni Aliyethubutu Kuandika "Haijulikani"

Karibu kila wiki msomaji fulani hunitumia video ya ajabu kwenye simu. Nami, kwa mazoea ya chumba cha habari, nina majibu matatu tayari: imechezewa, ni ya zamani, au ni ndege tu. Nikishajibu hivyo narudi kwenye chai yangu. Basi nimemaliza kusoma The Report on Unidentified Flying Objects cha Edward J. Ruppelt, na nimeona aibu kidogo.

Ruppelt alikuwa kapteni wa Jeshi la Anga la Marekani. Hadi 1953 aliongoza Project Blue Book, kitengo kilichochunguza taarifa za visahani vya angani. Kitabu chake kilitoka 1956. Jina lenyewe linanuka faili, na kusema kweli kuna kurasa zinachosha: tarehe, rada, vyeo, tarehe tena. Lakini vumilia ufike kwenye filamu ya Montana.

Agosti 1950, meneja wa timu ya besiboli ya mji wa Great Falls alikuwa uwanjani na katibu wake. Akaona vitu viwili vinang'aa angani, akakimbilia kamera yake garini, akapiga sekunde chache za filamu ya rangi. Jeshi likaitazama harakaharaka na kutoa jibu: ni mwanga wa jua kwenye ndege mbili za kivita aina ya F-94 zilizokuwa maeneo hayo. Kwisha habari.

Mwaka 1952 Ruppelt akaifungua faili upya, na hapo ndipo anapoandika vizuri kuliko popote. Hatishi, hachekeshi. Anachambua kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kiswahili chetu kina neno moja, ndege, kwa kunguru na kwa Boeing. Yeye ilibidi awaondoe wote wawili. Si kunguru, si puto, si kimondo. Na zile F-94? Njia zake zikafuatiliwa: hazikuwa upande ule wa anga. Mwanga nao ulikuwa umetulia mno kuwa mmuliko wa jua. Mwisho wa kazi yote hiyo kunabaki neno moja: haijulikani. Hasemi ni wageni wa sayari nyingine. Anakubali tu kwamba ofisi yake haikupata jibu, na kwamba jibu la kwanza lilitolewa kivivu.

Lawama yangu ni kwa shahidi. Mwenye filamu alidai kwamba iliporudishwa, fremu za mwanzo, zile zilizoonekana vizuri zaidi, hazikuwemo. Jeshi likakana. Nani mkweli, mimi siwezi kuamua. Ila katika uandishi wa aina hii, mtu wa kawaida anasikika kupitia kinywa cha afisa tu. Alikabidhi macho yake, akarudishiwa ripoti. Ruppelt ni msimuliaji mwadilifu, lakini hata yeye hampishi yule bwana aongee.

Halafu kuna toleo la 1960, lenye sura tatu mpya. Ruppelt yuleyule sasa anaviona visahani kuwa hekaya ya zama za anga. Watu wamedhania mengi kuhusu mabadiliko hayo. Kwangu, mtu ana haki ya kubadili mawazo. Tatizo ni sauti: uvumilivu umepungua, kuna haraka ya kufunga faili. Alifariki mwaka huohuo. Blue Book ilipofungwa 1969 ilikuwa na taarifa 12,618, na 701 kati yake zilibaki bila maelezo.

Kisome, hata kama visahani si mambo yako. Sura zile 17 za kwanza ni somo kwa yeyote anayeandika kuhusu alichoona mtu mwingine. Juzi nimetumiwa video nyingine. Nimeitazama mara nne, nikampigia aliyeituma, nikamwacha asimulie mpaka mwisho. Kisha nikamwambia ukweli: sijui.