Mwenye Kuizuia Mvua

Kitalu nyumba, ambacho nchini Kenya huitwa pia kivungulio, ni jengo jepesi lililoezekwa kwa nailoni angavu ili mimea iishi ndani yake katika hali ya hewa inayosimamiwa na mtunzaji. Wazo lenyewe ni la kale, kwani Pliny, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, alieleza jinsi watunza bustani wa Kaisari Tiberius walivyootesha mimea ya jamii ya matango katika vitanda vya magurudumu, wakivitoa juani na kuvirudisha chini ya vifuniko vya jiwe angavu siku za baridi. Huko kilichotafutwa kilikuwa joto. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwa kawaida jua halina uhaba, na kinachomsukuma mwenye bustani kujenga ni mvua ndefu inayolowesha majani ya nyanya na kuleta bakajani, ugonjwa ambao vimelea vyake huhitaji unyevu juu ya jani ili vichipue; kingine ni kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba majani na matunda. Hapa, basi, kitalu ni mwavuli kabla ya kuwa jiko.

Uzuri wa ufundi huu huanzia katika mambo ambayo mpita njia hayaoni. Ncha ya nguzo inayozikwa ardhini hupakwa dawa ya kuzuia mchwa, na kila ubao utakaogusana na nailoni hupigwa randa hadi uwe laini, kwa sababu kichwa kimoja cha msumari kilichochomoza chatosha kuipasua. Nailoni nayo hutandazwa siku isiyo na upepo, jua likiwa limepanda, kwa kuwa hutanuka kwa joto, na ile iliyowambwa asubuhi ya baridi hulegea mchana, ikapigapiga na kutuamisha maji hadi ichanike.

Hata hivyo, kipimo cha fundi hakimo katika kufunga bali katika kuacha wazi. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alilinganisha visanduku viwili, kimoja kikiwa na kifuniko cha kioo na kingine cha bamba la chumvi ya mawe, ambalo hupitisha mionzi ya joto inayozuiwa na kioo, akakuta kwamba joto la ndani halikutofautiana sana. Kumbe kinachopasha kitalu ni hasa hewa iliyonaswa, isiyoweza kupanda na kwenda zake. Kwa hiyo paa huinuliwa mita 3 au zaidi, uwazi huachwa kileleni ili hewa ya moto itoke, na kuta huwekwa neti ya matundu madogo ambayo huzuia wadudu na kupitisha upepo. Pasipo njia hizo joto hupita nyuzi 35, chavua, yaani ungaunga wa uzazi wa ua, hudhoofika, na maua hupukutika kabla ya kutunga tunda.

Jengo likisha kusimama, ndipo kazi hasa huanza, kwa maana aliyeizuia mvua hana budi kuwa mvua, na aliyemzuia nyuki hana budi kuifanya kazi ya nyuki. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini lataka kutikiswa, na kwa kuwa upepo ndani ni mchache, mtunzaji hupita asubuhi akigonga kamba zinazoshikilia mashina. Mvua, zaidi ya kunywesha, huosha udongo. Ndani ya kitalu chumvi za mbolea hujilimbikiza hadi mtunzaji atakapozisukuma chini kwa maji mengi. Vimelea vya mnyauko hudumu udongoni, hivyo huwabidi watu kusafisha viatu mlangoni, na zao la jamii nyingine kupewa zamu baada ya nyanya. Na methali ya ufa na ukuta hapa si fumbo tena, bali ni maelezo ya kazi ya kila wiki, kwani tundu dogo lisilozibwa leo ndilo mlango wa kantangaze kesho.

Mtunzaji aliyekomaa haoni mvua kuwa adui. Paa la mita 6 kwa 10 hupokea lita 60 kwa kila milimita ya mvua, na mvua moja ya milimita 20 huteremsha lita 1,200 kwenye mfereji wa paa, kisha tangini, kisha katika mipira ya umwagiliaji wa matone. Maji yaleyale yaliyokatazwa kuanguka juu ya jani hukaribishwa chini ya shina, tone baada ya tone, kwa saa na kiasi alichokichagua yeye aliyekubali kubeba wajibu wa mawingu.