Mgonjwa Anapopoa Katika Kisiwa cha Joto

Mwezi wa Januari, katika Mji Mkongwe wa Unguja, watu wanatafuta feni. Wakati huohuo, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji anaweza kutetemeka hadi meno yakagongana. Jamaa zake watasema ana homa. Mara nyingi kipimajoto husema kinyume: amepoa.

Sababu ni ganzi ya uti wa mgongo. Hulegeza mishipa ya damu ya miguu na tumbo, na joto la ndani likakimbilia kwenye ngozi na kupotea. Nusu kaputi nayo ni hivyohivyo: katika saa ya kwanza joto la ndani huweza kushuka nyuzi 1 hadi 1.5. Kiyoyozi cha chumba cha upasuaji huongezea, na dripu pia. Lita moja isiyopashwa moto humpunguzia mtu mzima karibu robo ya nyuzi.

Chini ya nyuzi 36, damu huchelewa kuganda, dawa za usingizi hukawia kuisha, na kidonda hupata damu kidogo. Mwaka 1996 Andrea Kurz, Daniel Sessler na Rainer Lenhardt walichapisha utafiti wa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Walioachwa wapoe, asilimia 19 walipata maambukizi ya kidonda. Waliopashwa joto, asilimia 6.

Kazi ya muuguzi, basi, huanza mgonjwa anapopokewa. Hukausha jasho la kwapa kabla ya kupima, maana kwapa lenye maji hutoa namba ya uongo. Huondoa shuka zilizolowa, humfunika mgonjwa kichwa na mabega, humsogeza mbali na kiyoyozi, kisha hupima tena na tena hadi afike 36. Chupa ya maji ya moto iliyoletwa kutoka nyumbani huikataa: miguu yenye ganzi haisikii, na ngozi huungua mwenyewe akiwa hana habari.

Baadaye joto hupanda, na hapo swali la kwanza ni lini. Homa ndogo ya saa 48 za mwanzo mara nyingi ni mwili unavyoitikia jeraha, si wadudu. Lakini ikija na presha inayoshuka, au ikizuka damu inapoongezwa, daktari huitwa papo hapo. Kuanzia siku ya tatu muuguzi hukagua mpira wa mkojo, kanula na kifua. Karibu na siku ya tano, mshono. Malaria nayo Unguja imepungua sana, kwa hiyo hupimwa kwanza, haikisiwi. Na anayetetemeka hafutwi kwa maji baridi. Maji hayo humzidishia mtetemo, na mtetemo huzalisha joto zaidi.

Parasetamoli hushusha namba tu, chanzo kikabaki palepale. Ndiyo maana kila kipimo huandikwa na saa yake, pamoja na saa ya dawa. Daktari wa zamu akikuta 38 bila saa, hawezi kujua kama atazame mshono au asubiri.