Jamii Ndiyo Nani?

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa chuo kimoja hapa Dar es Salaam, tulibandikiwa tangazo kwamba jarida letu la wanafunzi litatoa toleo maalumu, na mada yake ni "Jamii". Hadithi, shairi, insha, chochote, ilimradi kifike kabla ya Ijumaa. Mimi ni mtoto wa Buguruni. Nikajisemea, hapa ndipo penyewe. Wenzangu wa mabwenini watahangaika kuitafuta hiyo jamii, wakati mimi naishi nayo ukuta kwa ukuta: vyumba sita, choo kimoja, Luku moja.

Hadithi niliimaliza usiku mmoja. Ilianza hivi: "Jamii ya Buguruni imegubikwa na giza nene la ujinga." Ndani yake mlikuwa na mzee mlevi, mchana anashona viatu, usiku anatukana njia nzima kutoka Malapa hadi mlangoni kwake, na watoto wanamfuata wakimzomea. Mwishoni anafia mtaroni na jamii inapata funzo. Mhariri akasema maudhui ni mazito. Ikachapwa, nami nikatembea na nakala kwapani wiki nzima.

Tatizo ni kwamba mzee huyo alikuwepo. Alikuwa mpangaji mwenzetu, nami nilikuwa nimembadilisha jina tu. Binti yake wa kidato cha tatu aliisoma, maana niliipeleka nyumbani mwenyewe ili nitambe. Hakulia, hakugomba. Aliniuliza: "Kaka, hapa umeandika jamii ilimcheka. Jamii ndiyo nani? Mimi nilikuwepo, na wewe ulikuwepo. Na hivyo viatu unavyoendea chuo, nani anakushonea?"

Sikuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Siku hizi na mimi huletewa miswada ya vijana niipitie. Kila mada inapokuwa "jamii", naona makosa yaleyale niliyoyafanya. Kuna jamii mgonjwa: imeoza, imelala, haina budi kuzinduka, na mwandishi ndiye daktari. Kuna jamii pambo: vumbi la Rozana, makonda wakipiga kelele pale Sheli, moshi wa mihogo, halafu basi, hakuna mtu ndani ya moshi huo. Na kuna jamii ya zamani, ambako eti wote walipendana na hakuna aliyelala na njaa. Zote tatu zina jambo moja: mwandishi hayumo.

Wengi hudhani hili ni suala la maudhui, kwamba tuongeze huruma kidogo mambo yatakaa sawa. Kwa mtazamo wangu kosa linaanzia kwenye fani, tena kwenye sentensi. Tazama kitenzi: "Jamii ilimtenga." Nani hasa? Mama mwenye nyumba aliyemtolea godoro nje? Jirani aliyeacha kumwazima jiko? Shangazi aliyekaa kimya? Neno "jamii" limekaa mahali pa mtu na kubeba kosa lake, na aliyefanya tendo ameondoka zake bila kuonekana. Mwandishi anayeandika hivyo hajaona kitu. Ametoa hukumu bila kusikiliza mashahidi.

Ugonjwa huu hatukuuanza sisi. Mwaka 1969 pale Mlimani, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliokuwa katika USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ambao Yoweri Museveni wa Uganda aliwahi kuwa mwenyekiti wake, pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU, walianzisha jarida lililoitwa Cheche. Jina hilo lina maana ileile ya Iskra, gazeti la akina Lenin. Karim Hirji alikuwa miongoni mwa wahariri. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha hapo, aliandika humo. Mwaka 1970 lilitoa toleo zima la uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka nchini. Novemba mwaka huohuo serikali ikalipiga marufuku.

Navua kofia mbele ya vijana wale. Jarida la stensili, lisilo na fedha, lililisumbua dola! Ni majarida mangapi ya wanafunzi yamewahi kufika hapo? Lakini uhakiki hauishii kwenye kuvua kofia. Cheche liliandika juu ya mfanyakazi na mkulima, na liliandika karibu lote kwa Kiingereza. Sababu zinaeleweka: masomo yao yalikuwa kwa Kiingereza, na wenzao wengi walitoka nchi nyingine za Afrika. Hata hivyo, fundi wa Buguruni aliyekuwa akitetewa humo asingeweza kujua kwamba anatetewa, sembuse kusema, "Hapo mmekosea, vijana." Mtu unayemwandika akikosa nafasi ya kukubishia, utakosea hata ukiwa upande wake.

Sasa linganisha na Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Itikadi haiko mbali na ile ya Cheche, ila lugha ni ya makuli wenyewe. Riwaya inahusu maisha ya kuli aitwaye Rashidi na mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Ina kasoro, mara nyingine wahusika huzungumza kama wanasoma risala. Lakini angalia jinsi jamii inavyoingia humo. Haihubiriwi wala hailaumiwi. Inaundwa mbele ya macho yetu, siku watu wenye shida zao mbalimbali wanapokubaliana kutoshuka bandarini. Kabla ya hapo ni watu wengi tu waliochoka. Tendo ndilo linalowafanya kuwa kitu kimoja, na kila tendo lina mwenyewe.

Narudi kwetu. Mwaka uliofuata baada ya hadithi yangu, fundi wetu alifariki kweli. Alifia kitandani kwa maradhi, si mtaroni, na hakuna aliyepata funzo lolote. Wazee wakasema mwandishi yupo, apewe daftari la rambirambi. Nikakaa chini ya turubai na kalamu. Juu kabisa nikaandika "Msiba wa Fundi". Mama mwenye nyumba akachungulia, akaniambia nifute, akanitajia majina yake matatu. Miaka minane tumekaa naye nyumba moja, nilikuwa silijui hata moja.

Kisha wakaanza kuja. Mpangaji wa chumba cha uani, shilingi 1,000. Mama wa maandazi, sukari kilo 2. Vijana wa bodaboda, madumu 10 ya maji. Mwenye duka hakutoa kitu, ila alisema niandike kwamba deni la marehemu amelifuta. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuja mikono mitupu. Nikampita. Mama mwenye nyumba akanirudisha: "Mwandike na yeye. Amekesha."

Nimesoma mengi juu ya jamii, na lile daftari la kurasa arobaini na nane bado linayashinda. Kila mstari una mtu, na mtu ana tendo lake. Hata wasiokuja wanaonekana, kwa sababu nafasi zao ziko wazi na kila mtu anazijua.

Basi, wewe unayetaka kuandikia jarida la wanafunzi, mada ikiwa hii, fanya jambo moja. Ukimaliza, pitia mswada wako, kila penye neno "jamii" lifute, na mahali pake uweke mtu. Ukishindwa kumpata, jua hapo ulikuwa unabahatisha. Ukigundua kwamba mtu mwenyewe ni wewe, usikimbie, andika. Halafu, kabla ya kumpelekea mhariri, msomee mmoja wa uliowaandika, kwa lugha anayoielewa, umpe nafasi akubishie.

Mimi sikufanya hivyo. Baada ya msiba niliandika hadithi ya pili nikaipeleka palepale. Nikajibiwa kwamba toleo la jamii limeshapita, muhula huu mada ni "Mazingira". Nikaichukua nikampa yule binti. Aliisoma yote, akaomba kalamu, akafuta mistari miwili. Alikuwa sahihi.