Caravaggio hakukata miguu

Wandugu, wengi wetu tukisikia jina la Caravaggio (1571–1610), tunasema paka hivi: giza na mwanga. Ni kweli. Lakini mimi nauliza: ule mwanga anautupa wapi?

Angalieni Madona wa Loreto, mchoro wa karibu 1604–1606. Uko Roma, katika kanisa la Sant'Agostino, hata leo. Mimi nimeuona kwa telefone tu. Wachoraji wengine walizoea kuonyesha malaika wakibeba nyumba ya Maria hewani. Caravaggio aliwaacha malaika wote. Alichora mlango, ukuta uliobambuka mpaka matofali yanaonekana, Maria akimbeba Mtoto, na wazee wawili, mwanaume na mwanamke, wamepiga magoti na fimbo zao za safari.

Sura za wale wazee hazionekani vizuri. Kile kinaonekana njo nyayo za yule mzee, chafu, zimegeukia kwetu. Mwanga unatoka kushoto, unagusa shingo ya Maria na Mtoto, kisha unashuka mpaka kwa zile nyayo. Na mchoro uko juu ya altare: ukipiga magoti pale, unakutana na nyayo mbele ya kumfikia Bikira.

Baglione, mchoraji mwenzake aliyemshitaki mahakamani 1603, aliandika kama watu walipiga makelele mengi juu ya ule mchoro. Alitaja nyayo zenye matope na kofia ya yule mama, chafu na imepasuka.

Ni kuwacheka maskini? Mimi nakataa. Maria naye hana viatu. Mwenye kudharau anaficha. Yeye aliwasha taa.

Kasoro naiona kule juu. Sura ya Maria ni laini kupita kiasi, kama sanamu ya marumaru. Hainigusi. Hisia yote imeshuka chini, kwa mgongo ulioinama na mikono iliyounganishwa.

Siku nilipokea licence yangu ya agronomia, baba alikuja na kandambili, udongo umekauka kwenye visigino. Nilimnong'oneza mpiga picha akate kwenye magoti. Lakini ule udongo ulikuwa wa shamba lililolipa masomo yangu, miaka yote. Ile picha iko ukutani kwetu, na baba anaionyesha kwa kila mgeni.

Caravaggio hangekata. Na nyinyi, picha zenu mlikata wapi?