"Sijui" Si "Sikuona"

Kitabu cha Stanislas Dehaene, Consciousness and the Brain (2014), kina utamu wa kumfanya msomaji akubali kila kitu. Mimi nimekwama sehemu moja: kifuniko.

Kifuniko ni hivi. Neno linatokea kwenye skrini kwa milisekunde 29 tu, halafu papo hapo inafuata michoro isiyo na maana. Ukiulizwa, unasema hukuona neno. Usidhani ni kama wingu linavyoukalia Mlima Meru. Wingu liko mbele ya mlima. Kifuniko hiki kinakuja baadaye, neno limeshapita machoni, na bado kinalifuta. Mwaka 2001 Dehaene na wenzake walionyesha kwamba hata hivyo ubongo ulikuwa umelishughulikia neno hilo. Ugunduzi mkubwa, hakuna ubishi.

Shida iko kwenye ushahidi. Tunajuaje kwamba mtu hakuona? Kwa sababu amesema hivyo. Dehaene anaiamini kauli hiyo. Mtu akisema hakuona, kisha akalazimishwa kubahatisha na akapatia zaidi ya bahati, kwake hiyo ni kazi ya ubongo usiojitambua. Inawezekana. Inawezekana pia aliona kivuli tu, akasita kukiita neno. Kifuniko peke yake hakituambii ni lipi kati ya hayo mawili.

Tuje huku kwetu. Mwaka 2015 jarida la Current Biology lilichapisha utafiti ambamo Wahadza, watu wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, walionyeshwa rangi 23 na kuombwa wazitaje majina. Nyeusi, nyeupe na nyekundu hazikuwa na shida. Nyingine nyingi zilijibiwa "sijui". Hapo hapakuwa na kifuniko wala haraka. Rangi ziko mbele ya macho. Kilichokosekana ni jina, siyo kuona.

Sasa chukua skrini ile ya milisekunde, mkalishe mbele yake mtu wa Karatu au Ngaramtoni, umuulize kwa lugha yake ya pili au ya tatu. Akinyamaza, utaandika nini kwenye daftari? Ukiandika "hakuona", umeshampunguzia macho kwa sababu ya swali lako.

Kitabu kisome, kinastahili. Ila kila ukikuta "hakuona", jiulize kwanza: aliulizwaje?